Kitabu cha Sarakasi Kilichokatwa kwa Mkasi



Kuna lalamiko moja ambalo nimelisikia Garsen sokoni, nikalisikia Minjila, na hata kule Ngao: mwalimu ameagiza tena karatasi za manila, gundi na mkasi. Mzazi anauliza, na ana haki ya kuuliza, kama mtoto amepelekwa shule kusoma au kukatakata karatasi. Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walipoingia Gredi ya 10. Moja katika njia tatu wanazochagua ni ile ya sanaa na michezo, na wazazi wengi huku kwetu wanaiona kama jaa la kutupia watoto walioshindwa na hesabu.

Mimi diploma yangu si ya sanaa. Lakini leo nataka kueleza kitabu kimoja ambacho kikieleweka, nadhani lile lalamiko litapungua makali. Ni kitabu cha picha za sarakasi, kilichapishwa Paris mwaka 1947, na kilitengenezwa kwa vitu vinavyokaribiana na vile anavyoagiza mwalimu: karatasi, rangi na mkasi. Aliyekitengeneza alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, mgonjwa, asiyeweza kusimama kwa muda mrefu. Jina lake Henri Matisse, na kitabu kinaitwa Jazz.

Mtoto wa muuza nafaka

Matisse alizaliwa tarehe 31 Disemba 1869 kaskazini mwa Ufaransa, katika mji wa Le Cateau-Cambrésis, akakulia Bohain, mji wa wafumaji wa vitambaa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mtu wa mizani na magunia kama wale tunaowajua hapa sokoni, na alitaka mwanawe apate kazi ya heshima. Kijana akapelekwa Paris kusomea sheria, akafaulu, akarudi kuwa karani katika ofisi ya wakili. Kisha akaugua tumbo, akalazwa kitandani kwa muda mrefu. Mama yake, ili kumpunguzia uchovu wa kulala, akamletea kisanduku cha rangi. Alikuwa na miaka kama ishirini. Hakuurudia tena ukarani kwa moyo.

Miaka hamsini baadaye ugonjwa ukarudi. Mwaka 1941, tayari akiwa mchoraji anayejulikana dunia nzima, alipasuliwa tumbo mjini Lyon kwa ajili ya saratani. Alipona, lakini mwili ulibaki dhaifu, na siku nyingi alizimaliza kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Kusimama mbele ya turubai kubwa na brashi mkononi kukawa kazi ngumu. Wazee wetu husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Matisse aliweka brashi pembeni, akachukua mkasi.

Mkasi haukuwa mgeni kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipokuwa akitengeneza picha kubwa ya ukutani kwa ajili ya jumba moja la sanaa huko Pennsylvania, Marekani, alikuwa akikata vipande vya karatasi ya rangi na kuvihamisha huku na huku ukutani ili apange umbo kabla ya kupaka rangi. Wakati huo karatasi ilikuwa ya kufanyia majaribio tu. Sasa, akiwa mgonjwa, ikawa kazi yenyewe.

Namna alivyofanya kazi

Wasaidizi wake walichukua karatasi nyeupe wakazipaka rangi nzito ya maji iitwayo gouache: buluu, njano, nyekundu, kijani, nyeusi. Zikikauka, mzee anazipokea akiwa ameketi, anakata moja kwa moja bila kuchora mstari wa penseli kwanza. Ukitaka kuelewa, mtazame fundi cherehani mzoefu anavyokata kanzu. Mgeni wa kazi huchora kwa chaki kila mahali. Fundi wa miaka thelathini hutia mkasi tu na kitambaa kinafuata. Vipande vikishakatwa vilibanwa ukutani kwa pini, na yeye kutoka kitini alikuwa akiagiza: kile kisogezwe juu, hiki kigeuzwe, kile kiondolewe.

Kulikuwa na faida moja ambayo brashi haimpi mtu. Mchoraji wa kawaida huchora umbo kwanza, halafu hulitia rangi. Kwa mkasi, mambo hayo mawili hutokea mara moja, kwa sababu unaikata rangi yenyewe. Matisse alilifananisha hilo na kazi ya mchonga mawe. Na kipande kinachobaki, lile tundu, nacho ni umbo. Katika kitabu hiki ipo picha inayoonyesha kiwiliwili cha buluu juu ya nyeupe, na pembeni yake kiwiliwili cha nyeupe ndani ya buluu. Mama anayekata andazi anaijua siri hiyo: ukitoa pembetatu, unabaki na pembetatu.

Kazi hii aliifanya zaidi mwaka 1943 na 1944, katika mji mdogo wa Vence, kusini mwa Ufaransa, alikohamia kwa sababu Nice ilikuwa hatarini kupigwa mabomu. Aliyemhimiza ni mchapishaji aliyeitwa Tériade, Mgiriki aliyeishi Paris.

Mbona kinaitwa Jazz?

Mwanzo kitabu kilikusudiwa kuitwa Sarakasi, kwa Kifaransa Cirque, na ukifungua picha zake ishirini utaona kwa nini. Yumo mchekeshaji wa sarakasi. Yumo msimamizi wa uwanja, ambaye kwa desturi ya Wafaransa huitwa Monsieur Loyal. Yumo mwanamke juu ya farasi, mmeza panga, mrusha visu, muogeleaji ndani ya tangi la maji, na wale wanaoruka hewani kutoka bembea moja hadi nyingine.

Baadaye jina likabadilishwa likawa Jazz. Wasomaji wa umri wangu hawatashangaa sana. Afrika Mashariki neno hilo tulilibeba zamani tukalitumia kwa namna yetu: Morogoro Jazz na Dar es Salaam Jazz zilikuwa bendi za dansi, na hakuna aliyekwenda kuzisikiliza akitegemea muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Jazz ilimaanisha uchangamfu, mdundo, wapigaji wanaoachiana nafasi. Kwa Matisse ilikuwa karibu hivyohivyo. Aliona kazi yake ni kama mdundo unaorudiwa huku mpigaji akiongeza lake papo kwa papo. Picha zenyewe zimebaki kuwa za sarakasi, pamoja na chache zilizotoka katika kumbukumbu za safari zake. Picha tatu zinaitwa Wangwa, na humo mna maumbo kama mwani na matumbawe, kwa sababu mwaka 1930 alikaa Tahiti, kisiwa cha bahari ya Pasifiki. Mtu wa Kipini akiziona atadhani zimekatwa kwao.

Mwenye kanga anajua kukisoma

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Matisse hakuweka picha peke yake. Kati ya picha na picha aliandika maneno kwa mkono wake, kwa brashi na wino mweusi, herufi kubwa za kuviringana zinazojaza ukurasa. Msomaji anatafuta katika maneno hayo maelezo ya picha, hayapati. Picha ni ya mmeza panga, maneno yanazungumzia jambo jingine kabisa, pengine safari ya ndege, pengine furaha, pengine kazi. Msomaji anahisi amedanganywa.

Mimi nasema mtu wa pwani hana sababu ya kukwama. Chukua kanga yoyote nyumbani kwako. Ina pindo, ina mji, ina jina. Mji umejaa korosho, au maua, au nyota. Jina linasema habari ya mke mwenza, au subira, au jirani mwenye wivu. Korosho na mke mwenza vina uhusiano gani? Hakuna anayeuliza. Picha inapendeza kwa upande wake, jina linauma kwa upande wake, na vyote viwili vinavaliwa pamoja. Inasimuliwa kwamba desturi ya kutia jina kwenye kanga ilianza mapema karne iliyopita na kwamba aliyeianzisha ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule ambaye kanga zake hadi leo zinajulikana kwa Mali ya Abdulla. Mwanzo majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi za Kirumi. Bibi zetu waliokuwa hawajui kusoma bado walijua kanga ipi ina maneno gani, na walijua pia kuipenda kwa mji wake tu.

Matisse mwenyewe anaeleza ndani ya kitabu kwamba maneno amewekewa macho. Picha zina rangi kali mno, zikifuatana moja baada ya nyingine jicho linachoka, basi kurasa nyeupe zenye mwandiko mweusi zinalipumzisha. Anayafananisha na yale maua madogo ya kujazia shada ili maua makubwa yaonekane. Sisi tungesema ni mrehani ndani ya kikuba: asumini ndiyo inayotafutwa, lakini bila mrehani kikuba hakikamiliki.

Kwa hiyo ukikutana na kitabu hiki, kisome kama kanga. Tazama kwanza mji. Halafu tazama mwandiko kama mwandiko, jinsi unavyotembea. Maana ya maneno ije mwisho, na ikija isimame peke yake.

Furaha yenye moto ndani

Asidhani mtu kwamba ni kitabu cha kuchekesha watoto. Miaka ile Ufaransa ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Mwaka 1944 mkewe Matisse, ambaye tayari walikuwa wametengana, na binti yake Marguerite walikamatwa na polisi wa siri wa Wajerumani kwa sababu ya kusaidia wapiganaji wa upinzani. Binti aliteswa vibaya, akapandishwa treni ya kupelekwa kambini Ujerumani, akanusurika kabla ya kufika. Baba yao alikuwa mgonjwa, mbali nao, bila la kufanya.

Sasa rudi kwenye picha. Tembo mweupe amesimamishwa juu ya mpira, anacheza mbele ya watu, na mwili wake umechomwa na ndimi nyekundu kama mishale. Picha inaitwa Jinamizi la Tembo Mweupe. Wafafanuzi wengi wanaisoma hivi: tembo anatumbuiza chini ya taa kali, huku kumbukumbu za msitu alikotolewa zikimchoma. Sisi tuliozaliwa karibu na msitu hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Kuna mbwa mwitu mwenye jicho jekundu, na wapo wanaosema ndiye yule polisi wa siri. Kuna jeneza la Pierrot, mchekeshaji wa uso mweupe, linavutwa na farasi, na ndani ya gari mna doa jekundu kama moyo. Na kuna ile inayojulikana kuliko zote, Ikaro, kijana wa hadithi za Wagiriki aliyeruka kwa mbawa za nta akalikaribia jua mno, nta ikayeyuka akaanguka. Mwili wake ni mweusi, anga ni buluu, kifuani pana nukta moja nyekundu. Vile vitu vya njano vinavyomzunguka ni nyota, au ni mabomu yanayopasuka? Mchoraji hakusema, na kila mtazamaji huamua kulingana na anayoyajua.

Nadhani ndiyo sababu alichagua sarakasi. Mwanasarakasi hucheka huku shingo yake iko hatarini. Vijana wetu wanaopanda migongoni mwa wenzao kwenye mahoteli ya Diani na Malindi, wengine wakaenda mpaka sarakasi za Ulaya, wanalijua hilo. Mtalii anaona tabasamu, mwenye kusimama chini kabisa ndiye anayehisi uzito wa watu watano mabegani. Na mtu wa Tana naye analijua. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024 yaliwatoa watu majumbani, na bado kwenye kambi za waliohama watoto walikuwa wakibinuka mchangani na kupiga makofi. Asiyejua angesema hawana shida.

Kilichapwaje

Kuchapa rangi za Matisse kwa mashine ya kawaida kungezifisha. Wakatumia kiolezo, njia ambayo Wafaransa huita pochoir. Ni ileile anayotumia mwandika mabango wa kwetu: unakata umbo kwenye bati au karatasi ngumu, unaweka juu ya ukurasa, unapaka rangi kupitia tundu. Kila rangi ina kiolezo chake, na rangi iliyotumika ni gouache ileile aliyotumia mzee. Fikiria picha ishirini, kila moja ina rangi kadhaa, kila nakala inapakwa kwa mkono. Ndiyo maana zilitoka nakala 250 tu zilizohesabiwa na nyingine 20 zisizouzwa, pamoja na majalada 100 yenye picha bila maneno. Kilitolewa Septemba 1947. Leo nakala moja huuzwa kwa mamilioni ya shilingi, na nyingi ziko kwenye makumbusho makubwa kama lile la sanaa ya kisasa la New York. Lakini picha zote unaweza kuzitazama kwa simu uliyoshika sasa hivi.

Jambo moja linastahili kusemwa. Watu walikipenda, yeye mwenyewe hakuridhika. Aliona kwamba zile karatasi zilizokatwa, zenye ukingo na kivuli kidogo juu ya nyingine, zilipochapwa zililala bapa na uhai wake ukapungua. Badala ya kuacha, alizidi kukata, na vipande vikawa vikubwa mpaka vikajaza kuta za chumba chake. Alipanga kwa karatasi hata madirisha ya vioo vya rangi ya kanisa dogo la Vence, lililokamilika mwaka 1951. Alifariki tarehe 3 Novemba 1954, mkasi ukiwa bado kazini karibu mpaka mwisho.

Na sisi Waislamu?

Najua wapo watakaoniuliza kuhusu kuchora viumbe wenye roho. Hilo ni suala la wanavyuoni, nao wamelizungumza kwa urefu na kwa kutofautiana, basi kila mtu amuulize sheikh wake. Ninachoweza kuongeza ni habari hii. Mwaka 1910 Matisse alisafiri hadi Munich, Ujerumani, kutazama maonyesho makubwa ya sanaa za Kiislamu: mazulia, vyombo, vitambaa, kurasa zilizopambwa. Mwaka 1912 na 1913 alikaa Tangier, Morocco. Tangu hapo alikiri wazi kwamba alijifunza mengi kutoka Mashariki, hasa jinsi jani na mstari vinavyoweza kujaza nafasi nzima bila kuchosha. Yale majani yanayorudiarudia katika Jazz yana ukoo na mapambo ambayo watu wetu wamechonga kwenye milango ya Lamu kwa karne nyingi. Mtoto anayekata majani, nyota na mwandiko mzuri hajavuka mpaka wowote wa dini, na bado yumo ndani ya sanaa kubwa.

Linatuhusu nini

Narudi kwa mzazi na karatasi yake ya manila. Sisemi kila mtoto achague sanaa. Daktari na mhandisi wa mabwawa tunawahitaji sana katika kaunti hii. Ninachosema ni kwamba kukata karatasi ni kazi ya akili. Mtoto anapima nafasi, anachagua rangi ipi ikae kando ya ipi, anaamua kabla mkasi haujafunga, maana ukishakata hukurudishi. Mama wa Kipokomo anayesuka mkeka hufanya hesabu hiyohiyo bila kalamu, na mwanamke wa Kiorma anayefunga fito za nyumba ya duara pia. Watoto wetu hawaanzi mikono mitupu.

Kwa mwalimu nina ombi: manila isipopatikana, usimfukuze mtoto. Kuna mabaki ya vitambaa kwa kila fundi cherehani, kuna majalada ya madaftari ya zamani, kuna maboksi ya dukani yanayoweza kupakwa rangi. Matisse naye alianza na karatasi nyeupe za kawaida.

Na kwetu sote liko la wazee. Tuna tabia ya kumwambia mgonjwa, wewe pumzika sasa, kazi yako imekwisha. Tunamweka upenuni na redio, tunamletea chai, tunadhani tumemtendea wema. Huenda mikono yake bado ina kitu. Mwulize kama angependa kusuka, kuchonga, kusimulia, kukata. Mpe kifaa kinacholingana na nguvu alizobakiwa nazo, kisha muache aamue mwenyewe. Yule mzee wa Vence alipewa mkasi na karatasi, na watu wenye afya zao walikuwa wakipanda ngazi kubandika vipande pale alipowaonyesha kwa kidole.